Nani Anafaa Kumtumikia Mungu? Katekista Mstaafu wa Bagamoyo Awajibu Wasomaji

BARUA YA KWANZA

Tumsifu Yesu Kristo, Babu Katekista. Mimi ni kijana wa miaka 31, nina mke na watoto wawili, kazi yangu ni kukaanga samaki pale soko la ufukweni. Jumuiya yetu imenipendekeza kwa baba paroko niende kozi ya ukatekista, na tangu siku hiyo sina raha. Elimu yangu ni darasa la saba. Nikisimama mbele ya watu jasho linanitoka, maneno yananikimbia. Katika jumuiya hiyohiyo yuko mwenzangu aliyemaliza kidato cha sita; akisali, watu wanaitikia amina kabla hajafika mwisho. Naona wamekosea mtu. Naomba unieleze, Mungu anataka mtu wa sifa zipi ili amtumikie?
Mkaanga samaki, Bagamoyo

JIBU

Milele amina, mwanangu. Kwanza nakupongeza kwa kuogopa. Mtu anayeitwa kwenye kazi hii akakubali papo hapo bila hata kuvuta pumzi, mimi humwomba arudi nyumbani akafikiri. Ila hofu yako umeielekeza pasipo pake. Unaogopa ulimi na cheti. Mimi naanzia kwenye meza yako ya samaki.

Soko lile, karibu na jengo la zamani la forodha, nalifahamu vizuri. Mashua zikishusha, dalali ananadi, nanyi wakaangaji mnachukua mafungu yenu mnawasha moto. Kila mtu mjini anajua kuna samaki wa leo na kuna samaki aliyelala. Akija mtu mzima, anafunua shavu la samaki atazame wekundu wake, anabonyeza nyama kwa kidole, anainua uso anakutazama. Huyo humdanganyi. Sasa anakuja mtoto wa miaka saba katumwa na bibi yake. Kichwa chake hakijafika usawa wa meza yako, noti ya 2,000 ameikunja ndani ya kiganja mpaka imelowa jasho. Utamkatia kipande gani? Cha katikati chenye nyama, ambacho ungempa bibi mwenyewe angekuja, au mkia uliokauka tangu jana, kwa kuwa unajua mtoto hatasema neno?

Jibu la swali hilo unalijua wewe na Mungu wako. Kama ni kile cha katikati, jumuiya yako haikukosea mtu. Nadhani hata wao walikuona hapohapo mezani kabla hawajakuona kanisani, maana wake zao ndio wanaotuma watoto.

Bwana wetu alisema, katika Luka sura ya 16, kwamba aliye mwaminifu katika lililo dogo sana huwa mwaminifu katika lililo kubwa pia. Watu wengi wanausikia mstari huo kama ahadi ya kupandishwa cheo: tunza kidogo, utapewa kikubwa. Mimi nausikia kama maelezo ya jinsi mtu alivyo. Anayempunja mtoto samaki atampunja mwanafunzi wa kipaimara mafundisho. Ataruka somo asilolijua, ataandika mahudhurio ya watoto ambao hawakuja, kwa sababu ileile: hakuna wa kumwuliza.

Fungua sasa barua ya kwanza kwa Timotheo, sura ya 3, usome taratibu. Paulo anataja sifa za mwangalizi wa kanisa, kisha za mashemasi. Uhodari wa kinywa umeguswa mahali pamoja tu, pale anaposema mwangalizi awe ajuaye kufundisha. Mengine karibu yote ni mwenendo: asiwe mlevi, asiwe mgomvi, asipende fedha, awe mkarimu, asimamie nyumba yake vema. Halafu katika mstari wa 7 analeta neno ambalo sisi wa Bagamoyo linatuhusu kuliko watu wengi: imempasa kushuhudiwa mema na watu walio nje.

Walio nje, hapa kwetu, ni nani? Ni jirani zetu Waislamu. Kule Kaole upo msikiti wa karne ya 13, magofu yake tunayaonyesha wageni. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika hapa mwaka 1868. Tumeishi ndani ya mji wa wenzetu, tumezikana, tumealikana futari na Krismasi. Jirani huyo hapati faida yoyote kwa kukusifu. Hagombei nafasi yako, hayumo kwenye kamati, hana haja ya kumfurahisha paroko. Ndiyo maana ushuhuda wake una uzito.

Kwa hiyo nilipokuwa kazini, baba paroko akinipa jina la mtu aliyependekezwa, nilikuwa napita kwanza dukani kwa jirani yake kabla ya kuuliza wanakwaya wenzake. Yupo mzee mmoja mwenye duka, Mwislamu, aliyenipa jibu ambalo sijalisahau. Nilimtajia jina la kijana, nikamwomba aniambie anamwonaje. Hakusema kitu. Alivuta daftari la madeni kutoka chini ya mizani, akalamba kidole, akafunua kurasa. Jina la yule kijana lilikuwa kila ukurasa: unga, mafuta ya taa, sabuni ya kipande. Na kila ukurasa, mistari yake yote ilikuwa imekatwa kwa kalamu nyekundu, tarehe za mwisho wa mwezi. Alikuwa maskini anayekopa kila mwezi na kulipa kila mwezi. Mzee akafunga daftari akalirudisha chini ya mizani. Nilikwenda kumwambia baba paroko kwamba mtu tumempata. Kijana yule alikuja kuwa katekista mwenye kuaminiwa kiasi kwamba watu waliokosana walikuwa wanampelekea yeye ugomvi wao, Wakristo kwa Waislamu.

Nirudi kwa mwenzako wa kidato cha sita. Naona katika barua yako kajiwivu kadogo, na ni bora tukashughulikie mapema kabla hakajakua. Ufasaha ni karama, na Kanisa linauhitaji. Soma Matendo ya Mitume sura ya 18 habari za Apolo, mtu wa Aleksandria, msemaji hodari aliyeyajua sana Maandiko. Alikuwa na kasoro: alijua ubatizo wa Yohana tu. Prisila na Akila, mume na mke waliokuwa mafundi wa kushona mahema, wakamchukua kwao wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Msomi yule akakaa akafundishwa na mafundi. Hapo ndipo ninapompendea Apolo. Kama mwenzako ana moyo huo wa kukubali kuelekezwa na mtu aliyemzidi jambo, hata kama hakumzidi shule, basi naye atafaa, na siku moja mtafanya kazi pamoja: yeye atasoma somo, wewe utakaa na yule mzee asiyeelewa baada ya misa. Kama hana, ufasaha wake utamtesa yeye na watu wake.

Na moyo huohuo nautaka kwako. Kuna Wakristo wanaojivunia kutosoma, wanasema Roho atajaza kinywa. Siungani nao hata kidogo. Ukifundisha watoto wa komunyo ya kwanza jambo la uongo kwa sababu uliona uvivu kusoma, Roho Mtakatifu hakuhusika. Darasa la saba linatosha kusoma Injili na Katekisimu, na kozi ipo kwa ajili hiyo. Nenda, kaa mbele, uliza. Kuhusu ulimi mzito, Musa alimlilia Mungu jambo hilohilo katika Kutoka sura ya 4, na Mungu alimpa Haruni wa kumsaidia kusema; kazi ilibaki ya Musa. Wewe andaa somo lako siku mbili kabla, ulisome kwa sauti mbele ya mkeo jioni watoto wakilala. Utazoea.

Nimemtaja mkeo. Umemwuliza? Barua yako haisemi. Katekista anaitwa usiku kwenye msiba, anaondoka Jumamosi mchana kwenda kigangoni, kwenye kanisa dogo la mbali na parokia, posho yake ni ndogo na wakati mwingine haifiki. Anayebeba hayo yote nyumbani ni mke. Kabla hujamjibu baba paroko, kaa naye, umweleze bila kuficha, umsikilize mpaka amalize.

Sifa nyingine inayonikaa moyoni sana ni kutoachia njiani. Wewe ni wa hapa, umepita mara ngapi karibu na ule mnara wa kanisa la zamani la misheni? Mwanzoni mwa Mei 1873 David Livingstone, mmisionari na mvumbuzi kutoka Uskoti, alifia kijijini kwa Chitambo, katika nchi inayoitwa leo Zambia. Watu wake, akina Chuma na Susi na wenzao, walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili juani, wakaufunga kwa kitambaa cha pamba na magome ya mti, wakaubeba. Karibu miezi tisa, zaidi ya kilomita 1,500, katika magonjwa na njaa. Vijiji vingine viliogopa maiti, ikabidi waufunge upya uonekane kama mzigo wa nguo. Walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora, ofisa wa Kiingereza, Cameron, aliwashauri wamzike palepale, yatosha. Walimsikiliza kwa heshima, wakaendelea na safari. Februari 1874 waliufikisha hapa Bagamoyo, ukalazwa katika kanisa la misheni, kisha ukavushwa kwenda Zanzibar na Uingereza. Aprili 18 mwaka huo alizikwa Westminster Abbey, London. Chuma na Susi hawakuwemo katika meli hiyo. Kati ya wale wabebaji, aliyesafiri na mwili ni Jacob Wainwright.

Sisemi hao wote walikuwa Wakristo. Susi alibatizwa miaka mingi baadaye. Nasema hivi: hakuna aliyewalazimisha, aliyewatuma alikuwa amekufa, na mtu mwenye cheo aliwapa ruhusa ya kuutua mzigo. Wangeutua, nani angewalaumu? Utumishi utakufikisha mahali kama hapo. Utaanza mafundisho na watoto wengi, mvua za masika zikija watabaki wachache, na mtu mwema kabisa atakuambia ahirisha tu mpaka mwakani. Angalia makaburi ya wamisionari pale misheni, usome miaka iliyoandikwa. Wengi walikuwa vijana, homa iliwamaliza mapema, na wenzao waliendelea kuja. Na waliokombolewa utumwani, wakafunga ndoa katika Kijiji cha Uhuru, wapo waliokubali kuondoka tena kwenda bara na mapadre kuanzisha misheni ya Mhonda. Watu waliofikishwa pwani kwa minyororo walirudi bara kwa miguu yao wenyewe kupeleka Injili. Nikifikiria hilo, nanyamaza kwanza kabla ya kulalamikia posho.

Mambo ya sala sikuyataja mpaka sasa, kwa kuwa naamini unasali. Mtu asiyesali haogopi hivi. Sali na mkeo, kisha umpelekee baba paroko jibu mwenyewe, usimtume mtu.

BARUA YA PILI

Tumsifu Yesu Kristo, Mzee wetu. Mimi ni mama wa miaka 45, mweka hazina wa kikundi cha akina mama katika kigango kimoja cha mashambani, wilaya ya Bagamoyo. Natunza fedha za kusaidiana misibani. Mama kiongozi wetu, ambaye namheshimu kama mama yangu mzazi, ameniomba nimkopeshe 150,000 kimyakimya kwa ajili ya ada ya mwanawe, atarudisha akiuza mananasi. Nikikataa nitaonekana sina upendo. Je, mtumishi wa Mungu si mtu wa huruma?
Mama mwenye mashaka

JIBU

Milele amina, mama. Usitoe fedha hizo. Nalisema mapema usije ukaishia kusoma nusu.

Huruma unayo, na inaonekana. Lakini huruma ya kutoa cha wengine bila wao kujua haijawahi kumfaa mtu. Mananasi yakidoda bei, au gari la kuyapeleka sokoni likiharibika, na msiba ukatokea wiki hiyohiyo, utasimama wapi? Na mama kiongozi ataweza kukutazama usoni? Utakuwa umempotezea heshima yake mtu unayemheshimu.

Mtume Paulo alipokusanya mchango wa kuwasaidia ndugu wa Yerusalemu, hakuna aliyemshuku kuwa mwizi. Hata hivyo, katika barua ya pili kwa Wakorintho sura ya 8, anaeleza kwamba amemtuma Tito pamoja na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili mtu asije akawalaumu kwa habari ya karama hiyo, wakitunza yaliyo mema mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia. Hapo kwenye wanadamu ndipo wengi wetu tunapoteleza. Tunasema Mungu anajua moyo wangu. Anajua, ndiyo, lakini wanakikundi wenzako wao wanajua daftari tu.

Nilipoanza utumishi nilimkuta mzee mmoja, seremala, aliyekuwa akisimamia kuhesabu sadaka. Misa ikiisha, sadaka zikiingizwa sakristia, alikuwa anafungua mlango wote, anauwekea jiwe usijifunge. Kisha anakunja mikono ya shati mpaka juu ya viwiko, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, ndipo anagusa kapu. Hakuwahi kuhesabu peke yake. Anahesabu yeye, anasogeza fungu, anahesabu mwenzake, wanaandika, wote wawili wanatia sahihi. Joto la Bagamoyo ni kali, mtu angeweza kudhani anakunja shati kwa ajili ya joto. Lakini hata miezi ya baridi alikunja. Sisi vijana tulijifunza kwake bila kuambiwa neno, na sikuwahi kusikia mtu akimnong'ona.

Fanya hivi, mama. Nenda kwa mama kiongozi nyumbani kwake, usimpigie simu. Mwambie: "Mama, fedha hizi si zangu, sina mamlaka ya kuzitoa. Lakini shida ya mtoto wetu nimeisikia. Niruhusu tuifikishe kwa wenzetu, tukuchangie au tukukopeshe kwa kikao, iandikwe." Wewe mwenyewe uwe na kitu chako mkononi cha kuanzia huo mchango, hata kama ni kidogo. Atakasirika kidogo, pengine. Aibu ya kuombewa mbele ya wenzake ni kubwa kwa kiongozi. Vumilia, na usimsimulie mtu mwingine kwamba aliwahi kukuomba kimyakimya. Kutunza siri ya mtu ni sehemu ya kazi yako sawasawa na kutunza fedha.

Kuanzia sasa usitunze fedha peke yako. Kama mnatumia laini ya simu, namba ya siri ikae kwa mtu mwingine na simu kwako. Kila mwezi soma hesabu kwa sauti mbele ya wote, hata kama hakuna aliyeuliza. Hapo ombi la kimyakimya halitakuja tena, kwa sababu kila mtu atajua halina pa kupita.

BARUA YA TATU

Shikamoo Babu. Mimi ni dereva wa bodaboda, nilikuwa mlevi. Kwaresima iliyopita niliungama na nikaacha pombe. Nina moto wa kuwahubiria wenzangu wa kijiweni na hata kanisani. Baba paroko ananiambia nisubiri kwanza. Mbona ananizuia, wakati nimeokoka katika mengi?
Dereva

JIBU

Marahaba, mwanangu, na karibu sana nyumbani. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika.

Paroko wako anafuata Maandiko. Sura ileile niliyomwonyesha mkaanga samaki, mstari wa 6, inasema mwangalizi asiwe mtu aliyeongoka karibuni, asije akajivuna akaanguka. Mstari wa 10 unasema mashemasi wajaribiwe kwanza. Anakulinda. Ukipanda mimbarini leo, watu watakupigia makofi, na makofi yana ulevi wake. Siku ukiteleza hata kwa chupa moja, utaona haya kurudi, nasi tutakuwa tumekupoteza mara mbili.

Kusubiri huko usikae bure. Yohana Marko aliwaacha akina Paulo njiani kule Perga, na Paulo alikataa kwenda naye tena mpaka akagombana na Barnaba kwa ajili yake. Barnaba akamchukua, wakasafiri pamoja. Miaka ikapita, na Paulo akiwa kifungoni akamwandikia Timotheo amlete Marko, maana anamfaa kwa utumishi. Tafuta Barnaba wako hapo parokiani: mtu mzima mmoja unayeweza kumpigia simu usiku hamu ya pombe ikikushika. Kijiweni usihubiri kwanza. Wenzako wanakutazama unavyorudisha chenji, unavyokataa kupakia watu wawili, unavyopita mbele ya kilabu bila kusimama. Wakikuuliza umewezaje, wajibu.

Na kazi ya kuanzia ninayo. Kila parokia ina wazee wasioweza tena kutembea mpaka kanisani. Mwombe katekista wako majina yao, uwapeleke misa ya kwanza Jumapili na kuwarudisha, bila nauli. Endesha polepole, na uwe na kofia ngumu ya pili inayowatosha vizuri, maana wazee wetu wanaogopa kuanguka.